Mafiga, Gari Lisiloua Mtu

Nchi ninayotaka kuisimulia haipo. Natanguliza hilo ili afisa yeyote atakayeisoma hadithi hii alale usingizi wake. Inaitwa Mbwembweni. Ina bendera, ina wimbo wenye beti nyingi kuliko vitanda vya hospitali zake, na raia wake wanapendwa mno na serikali yao, hasa wanaponyamaza.

Siku moja serikali ya Mbwembweni iliona aibu. Iligundua kwamba mataifa mengine yanaunda magari, na yenyewe inaunda kamati tu. Basi ikaunda kamati ya kulitazama jambo hilo. Kamati ikasafiri ng'ambo, ikala, ikanunua viatu, ikarudi na habari njema. Huko kuna kiwanda kinachouza magari yakiwa ndani ya makasha. Unapeleka kasha nyumbani, unalifungulia uani, na ndani unakuta vipande vya bati na plastiki, injini ndogo, mfuko wa skrubu na picha ya mzungu anayetabasamu. Unaliunda mwenyewe, kwa mikono yako, kisha unaliendesha. Kiwanda kilikuwa kimeshindwa kuyauza kwao kwa sababu ambayo kamati haikuiuliza, maana mgeni hachunguzi jiko la mwenyeji.

Makasha yakaja kwa meli. Kila kasha lilifika bandarini na magurudumu manne, na kila kasha liliondoka bandarini na magurudumu matatu. Hakuna aliyeiba. Bandari ya Mbwembweni haina wezi. Ina watumishi ambao vitu hubaki mikononi mwao. Na kwa kuwa ni watumishi waungwana, walichukua lile la mbele la kulia tu, wakaacha mengine, wala hawakugusa ile picha ya mzungu.

Wananchi wakaanza kuunda. Karatasi ya maelezo ilikuwa kwa lugha ambayo hata mkalimani wa wizara aliitambua kwa mbali tu, kama mtu anavyomtambua shemeji aliyegombana naye. Milango ikafungwa kichwa chini. Breki zikaunganishwa na honi. Watu wengi walichoka katikati, wakaacha magamba ya magari uani, na ukweli usiofichika ni kwamba kuku wa Mbwembweni walitagia ndani ya gari la taifa kabla binadamu hajalipanda. Yaliyofika barabarani yalikuwa machache, adimu kama mbunge jimboni. Watoto walikuwa wakitoka mbio kuyatazama yakipita.

Uadimu huo ndio uliozaa sifa. Redio ya taifa ilitangaza kila asubuhi, kabla ya taarifa za misiba: "Mabasi yameua maelfu. Malori yameua maelfu. Hata baiskeli zimeua. Gari letu la kujiundia halijaua hata mtu mmoja. Ndilo gari salama kuliko yote duniani."

Ni kweli, fundi cherehani mmoja, Mzee Ng'wandu, aliunda lake vizuri kabisa, akavaa koti la sherehe, akaenda nalo mjini. Alipofika kipilefti cha sokoni akakata kona. Gari likalala ubavu, kisha likalalia paa, na paa, ambalo lilikuwa la plastiki, likapasuka kama biskuti. Waliomwosha maiti walitoa vigae vya plastiki ndani ya ndevu zake mpaka wakachoka, wakamzika na vilivyosalia. Lakini wizara ilichunguza. Ikaeleza, kwa upole, kwamba gari ni kitu kinachokwenda juu ya magurudumu yake. Lilipokuwa juu ya paa lake halikuwa gari. Kwa hiyo marehemu hakuuawa na gari; aliangukiwa na kitu. Familia ikashauriwa ipeleke malalamiko kwenye wizara inayohusika na vitu.

Baada ya mazishi hayo watu walianza kunung'unika, si kwa sauti, bali kwa ile namna ya Mbwembweni ya kukohoa wote kwa pamoja kiongozi anapopita. Ndipo Waziri wa Mwendo na Utulivu, Mheshimiwa Dokta Lutambi, alipoitisha mkutano uwanjani. Alikuwa ametoka kula. Alipanda jukwaani na kijiti cha meno mdomoni, akachokoa, akatazama alichokipata, akakirudisha alikokitoa, ndipo akasalimia.

"Ndugu wananchi! Nasikia mnalilia gurudumu la nne. Niwaulize. Bibi zenu walipika kwa mafiga mangapi?"

"Matatu!"

"Chungu kilianguka?"

"Hakikuanguka!"

"Basi nani amewadanganya kwamba gari linahitaji zaidi ya chungu? Mababu walijua! Gurudumu la nne ni masalia ya ukoloni! Kuanzia leo gari hili linaitwa Mafiga!"

Makofi yalipigwa na wale wanaolipwa kupiga. Wengine walikuwa wakiwaza. Ndipo sauti ya mwanamke ikatoka katikati ya watu, kavu kama kuni:

"Mheshimiwa, chungu hakikati kona."

Kicheko kilianza mahali, kikakanyagwa.

"Nani amesema?"

"Mimi."

Alikuwa Nyamizi Kasubi, mwanamke mrefu, shingo imenyooka, mdomo usio na mlango. Aliendesha greda la wizara hiyo hiyo. Alikuwa akichonga barabara ambazo mvua ilikuwa ikizifuta.

"Unafanya kazi wapi, mama?"

"Kwako, mheshimiwa. Naendesha greda."

Waziri akatabasamu mpaka ufizi ukaonekana. "Vizuri sana. Tulikuwa tunatafuta dereva."

*

Dereva alitafutwa kwa ajili ya jaribio. Waziri alikuwa amesoma mahali kwamba nchi zenye magari huyagongesha ukutani makusudi, kuona nani atatoka mzima, na akaona ni jambo la hadhi. Huko ng'ambo huweka sanamu la mtu kwenye kiti. Sanamu liliagizwa. Lakini lilipofika, likiwa na suti, lilionekana lina sura ya heshima, halikatizi wenzake wakizungumza, wala halisinzii vikaoni, likateuliwa mjumbe wa bodi ya usalama barabarani. Ikabidi atafutwe binadamu. Madereva wote wa wizara wakapatwa na malaria siku moja. Akabaki Nyamizi.

Ukuta wa kugongwa ulijengwa na Bi Kidawa, mkandarasi. Huyu alikuwa mama mnene, mchangamfu, mwenye kicheko cha kutikisa vikombe, na kila alichokijenga kilikuwa na rangi nzuri. Saruji ya ukuta ilisafiri. Nyingine ilikwenda kwenye nyumba yake ya wageni, nyingine kwenye choo cha Katibu Mkuu wa wizara, na nyingine, kwa heshima zote, kwenye kaburi la mama yake mwenyekiti wa kamati, ambalo hadi leo ndilo jengo imara kuliko yote katika mkoa ule. Ukuta wenyewe ulipata mchanga, maji, na mistari ya rangi iliyochorwa ili ionekane kama tofali.

Siku ya jaribio viongozi walikaa chini ya turubai na sahani za pilau. Nyamizi alikaa kwenye Mafiga, magoti yamegusa kidevu, usukani umegusa kifua.

"Kanyaga mafuta, mama!" Waziri alipaza sauti, na punje ya wali ikaruka ikamkaa Katibu Mkuu kwenye tai. Katibu Mkuu hakuifuta, maana ilitoka juu.

Nyamizi alikanyaga. Ukuta ulimwona akija, ukakata tamaa. Haukuvunjika, ulimwagika, kama uji wa mgonjwa. Mafiga likapita katikati ya vumbi, likatokea upande wa pili likiwa na taa moja tu, likasimama mbele ya sufuria ya pilau.

Waziri akasimama, mikono juu, mafuta yakimtiririka hadi kwenye viwiko.

"Mmeona? Ukuta umekufa, gari zima! Duniani kote magari huvunjwa na kuta. Ni Mbwembweni peke yake ambapo gari linavunja ukuta!"

Hakuna aliyeuliza habari za ukuta. Nyamizi alivishwa nishani, akaitwa Shujaa wa Taifa. Jioni alimchukua bintiye Kashinje, aliyekuwa darasa la pili, wakaenda kwa Bi Kidawa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, shujaa wangu! Mbona una mchanga masikioni?"

"Ni ukuta wako, mama. Nimekuja kukushukuru."

Bi Kidawa alicheka, kikombe kikatikisika kwenye kisahani chake, kisha ghafla akaacha kucheka, macho yakamlengalenga.

"Mwanangu, mimi nimelaaniwa sana. Darasa limeanguka, Kidawa. Daraja limezama, Kidawa. Zahanati imepasuka kabla ya kufunguliwa, Kidawa. Miaka yote hii, wewe ndiye mtu wa kwanza ambaye wizi wangu umemfaa." Akampa Kashinje kipande cha keki. Keki nayo ilikuwa na mchanga kidogo, au labda ni mazoea ya ulimi.

*

Laiti mambo yangeishia pale. Lakini sifa ikishatoka Mbwembweni hairudi nyumbani mapema. Wenye kiwanda cha ng'ambo walisikia kwamba gari waliloshindwa kuliuza sasa linabomoa kuta, wakataka kuja kushuhudia. Na Waziri, katika furaha yake, akatangaza jambo ambalo lilikuwa likimkereketa rohoni kwa muda: wageni wakishashuhudia, wanafunzi wote wa shule za msingi watabebwa na Mafiga. Kila gari watoto kumi na wawili. Mwandishi mmoja aliuliza watatoshaje, akajibiwa kwamba watoto ni laini, hubanana.

Ila wageni hawa walikuwa na tabia mbaya. Ilisemekana hugongagonga vitu kwa vidole kabla ya kuviamini. Waziri akaogopa aibu. Safari hii, akasema, ukuta uwe ukuta.

Katika wizara nzima kulikuwa na mhandisi mmoja mwaminifu, Anyosisye, ambaye alitunzwa kwenye chumba cha nyuma kama zulia la wageni: halitumiki, halitupwi. Hakuwa amepewa kazi tangu alipoajiriwa, kwa sababu alikuwa na ugonjwa wa kurudisha posho iliyobaki. Wakamtoa, wakamkung'uta vumbi, wakampa saruji.

Nyamizi aliposikia jina hilo hakungoja kesho. Alikimbilia kwa Bi Kidawa.

"Mama, nisaidie. Iba."

"Mwanangu, ningeiba kwa moyo wangu wote. Lakini zabuni sina. Na yule bwana analala pale pale, juu ya mifuko."

"Mhonge."

"Unadhani hatujajaribu? Nilimpelekea soda tu, soda ya kiangazi, mtu na kiu yake. Akaniambia anakunywa maji ya nyumbani kwake." Bi Kidawa alitikisa kichwa kwa huzuni ya mzazi mwenye mtoto aliyeharibika. "Watu wa namna ile, Nyamizi, wataua mtu."

Nyamizi alikwenda kwa Anyosisye mwenyewe. Alimkuta anaumwagilia ukuta maji kwa kopo, taratibu, kama anaosha mtoto. Ulikuwa mnene, wa kijivu, haukupakwa rangi. Ulikuwa ukuta wa kwanza wa kweli kujengwa na serikali tangu nchi ipate bendera, na ndege hawakuthubutu kuutulia.

"Shikamoo, mhandisi."

"Marahaba. Usiuguse, bado unakomaa."

"Ndani mna nondo?"

"Mna nondo nene, safu mbili. Kokoto nimezichagua mwenyewe. Nimeziosha."

"Umeosha kokoto?"

"Kwa sabuni."

"Mimi ndiye nitakayeugonga."

"Najua. Hongera."

"Nitakufa, mhandisi."

Anyosisye akaweka kopo chini, akafikiri kwa uaminifu, maana hakuwa mtu wa kujibu ovyo. "Ndiyo," akasema. "Bati la gari lile ni jembamba, na usukani uko kifuani. Ndiyo. Utakufa."

"Basi tia mchanga kidogo. Punguza hata nondo."

Mhandisi alirudi nyuma kama aliyeombwa avue suruali. "Dada yangu, nimekataa rushwa maisha yangu yote. Unataka nianze leo, kwenye ukuta wangu wa kwanza?"

"Sikupi rushwa. Nakuomba uhai wangu."

"Rushwa huingilia mlango ule ule."

"Basi nenda kwa Waziri. Mwambie gari halifai. Wewe una elimu, atakusikia."

Anyosisye akatazama viatu vyake, ambavyo vilikuwa safi kabisa. "Mimi niliulizwa habari za ukuta," akasema.

Nyamizi aliutemea mate ukuta ule. Mhandisi akatoa leso mfukoni, akaufuta.

Kilichobaki kilikuwa kujiuzulu. Katibu Mkuu alimpokea kwa bashasha, akamwambia akae, akamweleza kwamba shujaa hajiuzulu. Shujaa huondoka kwa mazishi ya kitaifa. "Jeneza tumeshaagiza. La mninga! Si plastiki, dada. Mninga mtupu." Kisha akainamia meza, pumzi yake inanuka kitunguu, akamnong'oneza kama anayetoa zawadi: "Na kwa heshima yako, binti yako ndiye atakuwa mwanafunzi wa kwanza kupanda. Tumemtengea dirishani."

Nyamizi alitoka ofisini akatapika kwenye maua ya wizara. Maua yalikuwa ya plastiki pia.

*

Siku ikafika. Uwanja ulijaa. Wageni wa ng'ambo walikaa mbele wakiwa na kofia zinazofanana. Bodi ya usalama barabarani ilikuwepo yote, sanamu likiwa limekaa katikati, limenyooka kuliko wenzake. Pilau ilikuwepo, maana nchini Mbwembweni hakuna janga linaloshuhudiwa kwa njaa. Pembeni wanafunzi walipangwa mstari, sare zimepigwa pasi, tayari kupanda mara tu ushahidi utakapopatikana. Kashinje alikuwa wa kwanza, nywele zimesukwa upya. Wazazi walisimama nyuma ya kamba.

Mgeni mmoja aliufuata ukuta, akaugonga kwa kidole. Akapuliza kidole chake. Akarudi kuketi akitikisa kichwa kwa heshima. Mhandisi Anyosisye alisimama wima kando ya ukuta wake kama bwana harusi.

Waziri alihutubia. Alisema kwamba historia inatutazama, na kwamba yeye naye anaitazama historia, na kwamba wanaelewana. Alisema usalama ni hali ya moyo. Alisema anayeogopa kufa hajaipenda nchi yake vya kutosha. Alisema mengi, akipumzika kulamba kidole, na jua likapanda, na mtoto mmoja akazirai kwenye mstari akaegeshwa kwa wenzake asimame.

"Sasa, shujaa wetu! Kanyaga mafuta!"

Nyamizi alikanyaga. Watu wanaomjua wanasema alikuwa akimtazama Kashinje, si ukuta. Mafiga lilikwenda likilia kama nzi kwenye chupa. Ukuta ukakaribia, ukakua, ukajaza kioo chote. Na hapo ndipo mwanamke yule aliyezoea kugeuza greda kwenye ukingo wa korongo alipofanya kitu pekee ambacho gari lile lilikuwa hodari nacho. Alikata kona.

Mafiga halikubisha. Lilijilaza ubavu, likasota kwenye changarawe likipukutisha vipande, likageuka paa chini, likasimama hatua chache kabla ya ukuta. Gurudumu la mbele liliendelea kuzunguka hewani. Ukuta haukuguswa.

Kisha mlango ukasukumwa kwa teke, Nyamizi akatoka akitambaa. Bega moja lilikuwa limeshuka kuliko jingine, mkono unaning'inia, na alipofungua mdomo jino likaanguka na damu yake kwenye changarawe. Alikuwa hai.

Wageni wakatazamana. Hapo kiongozi wa nchi nyingine angefadhaika. Lakini Dokta Lutambi hakuwa amepata udaktari wake bure, alikuwa ameulipia.

"Limelala!" akapiga kelele. "Ndugu zangu, mmeliona? Limeuona ukuta, likalala! Magari ya wengine hayana adabu, huvamia kuta. Mafiga lina hisia! Mafiga linainama mbele ya hatari kama mtoto aliyelelewa! Hata ajali yenyewe imelikosa!"

Makofi. Wale wa ng'ambo, walipotafsiriwa, wakapiga makofi pia, kwanza polepole, kisha kwa nguvu, na mmoja wao akatoa kalamu. Wanaume wanne waliliinua gari kama wanavyomwinua mlevi msibani, wakaligeuza, wakalikung'uta, wakarudishia kipande cha paa kwa kamba ya katani. Lilisimama tena kwa magurudumu yake matatu. Mlango wake ulikuwa wazi, haukubali kufungika.

"Watoto wapande!" Waziri akaamuru. "Na shujaa ashukuru taifa kwa kifupi."

Wakampa Nyamizi kipaza sauti. Walidhani atalia, maana kilio cha shujaa hupendeza kwenye taarifa ya habari. Nyamizi alitema damu, akajifuta kwa mkono mzima.

"Kashinje, simama hapo hapo," akasema kwanza. Mtoto aliyekuwa ameshanyanyua mguu akasimama. "Nashukuru, mheshimiwa. Mimi ni mtu wa kijijini, nina swali la kijijini. Mama zangu mliopo pale nyuma, naomba mnisaidie. Kwetu mtu akikukaribisha pombe, nani anaionja kwanza?"

Wanawake wakatazamana. Bibi mmoja akajibu, "Mwenye kibuyu."

"Kwa nini?"

"Kutoa sumu!" wakaitikia wengi.

"Na akikataa kuonja?"

Wanawake wote wakaligeukia turubai la viongozi.

Nyamizi akageuka. "Mheshimiwa, kibuyu ni chako. Onja. Sikwambii uendeshe. Injini imezimwa, funguo ninazo mimi. Kaa tu kwenye kiti, tukuone, kisha watoto wetu wapande."

Waziri alicheka. Alitazama kushoto na kulia ili wengine wacheke naye, na baadhi walicheka. Akashuka jukwaani, akalisogelea gari kwa mwendo wa mtu anayekwenda kumpapasa mbwa wa jirani. Akainama. Akatazama ndani. Akanyoosha kidole kimoja, akakigusa kiti kama mtu anayegusa uji wa moto, akakirudisha kidole.

"Itifaki," akasema, "hainiruhusu. Nguo hizi ni za kazi ya taifa. Katibu Mkuu ataniwakilisha."

"Mgongo, mheshimiwa," Katibu Mkuu akasema, na mgongo ukamwuma pale pale, kila mtu akauona ukimwuma. "Mwenyekiti wa kamati..."

"Mimi nimefiwa," mwenyekiti akasema.

"Na mama yako alikufa lini?" sauti ikauliza toka nyuma ya kamba.

Wageni nao waliulizwa, kwa heshima. Mkubwa wao akatoa macho, akaeleza kupitia mkalimani kwamba wanalipenda sana gari hili, ndiyo maana wamelileta huku, lakini bima zao haziruhusu. Mtu mmoja wa turubai, aliyetaka kuokoa siku, akapendekeza liketishwe lile sanamu, maana hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake. Bodi ikainamisha vichwa ikajadiliana. Jibu likaja kwamba mjumbe wa bodi hawezi kuhatarishwa.

Hapo kila mtu aliona. Gari lilikuwa limesimama tu, limezimwa, halina hata nguvu ya kutoa moshi, na serikali nzima ya Mbwembweni, yenye matumbo na nishani zake, ilikuwa imerudi nyuma hatua kwa hatua mpaka imefika kwenye sufuria za pilau. Mhandisi Anyosisye peke yake hakutazama gari. Alikuwa akiupapasa ukuta wake ambao hakuna aliyeugonga, machozi yanamtoka.

Yule bibi aliyejibu kwanza alipita chini ya kamba. Askari akasema, "Bibi, rudi," naye akamjibu, "Nirudi niende wapi, mjukuu wangu yuko huku?" akampita. Akamshika mjukuu wake mkono, akamtoa kwenye mstari. Akaja baba mmoja. Wakaja wawili. Kisha kamba ikalala chini, na wazazi wakawa wanaingia kila mmoja akiita jina la wake, bila kelele, kama watu wanaoanua nguo mvua ikinukia. Nyamizi akamshika Kashinje kwa mkono uliokuwa mzima. Mstari ukaisha. Wale waliolipwa kupiga makofi walibaki kidogo, wakatazamana, kisha nao wakakumbuka wana watoto.

Waziri aliendelea kuhutubia viti. Taarifa ya habari ilisema jaribio limefana. Nyamizi alifukuzwa kazi, akashitakiwa kwa kumkaribisha kiongozi mahali bila kibali, na bega lake liliunga vibaya, limeinama hadi leo. Hakuna mzazi aliyempeleka mtoto kwenye Mafiga, si siku ile wala baadaye. Walitishwa, wakakohoa. Walibembelezwa, wakakohoa. Kila afisa aliyekuja kuwahimiza aliulizwa swali moja tu, kwa adabu zote na shikamoo juu: "Wewe umeshakaa?"

Hayo ndiyo ya Mbwembweni, nchi isiyokuwepo. Atakayesema nimetia chumvi, sitabishana naye. Gari lingali pale uwanjani, mlango wazi, kiti hakina mwenyewe. Aende akakae.